Historia ya Mafunzo ya Wazuru wa Afya katika Uingereza, 1862 hadi 2022

Katika Kiswahili cha Afrika ya Mashariki majina ya watumishi wanaofika vijijini na mitaani yameundwa kwa kanuni moja iliyo rahisi. Neno la heshima hutangulia, na jambo analolishughulikia mtumishi hufuata: Bwana Shamba, Bwana Mifugo, Bibi Maendeleo, Bwana Afya. Kwa kanuni hiyo msikilizaji huelewa mara moja mtu huyo ni nani na amekuja kwa shauri gani. Bwana Afya huja kutazama choo, kisima, bucha na mkahawa. Ana sheria nyuma yake, na mwenye mkahawa afahamu kwamba akimzuia mlangoni atajibu mahali pengine.

Iko kazi nyingine, jirani ya hiyo, ambayo haijapata jina lililotulia katika Kiswahili. Ilizaliwa katika miji ya viwanda ya Uingereza katika karne ya 19, na jina lake la Kiingereza limefungamanisha maneno mawili, la afya na la kuzuru. Mwenye kazi hiyo leo ni muuguzi au mkunga aliyekwisha kufuzu na kuandikwa katika rejista, ambaye hurudi tena chuoni kusoma masomo ya juu ili apate kwenda nyumbani kwa watu, hasa katika nyumba zenye watoto wachanga. Haendi kuuguza, kwa kuwa aghalabu hakuna mgonjwa. Haendi kukagua, kwa kuwa sheria haikumpa haki ya kuingia katika nyumba ya mtu pasipo ridhaa ya mwenyewe. Huenda, hupiga hodi, na akikaribishwa huingia.

Katika makala haya mtu huyo ataitwa mzuru wa afya. Kitenzi kuzuru kimechaguliwa mbele ya kutembelea kwa sababu Kiswahili chakitumia kwa mwendo wenye adabu na makusudi, kama vile kuzuru makaburi. Na tena kwa sababu Kiarabu, ambacho Kiswahili kiliazima shina hilo, kimelitumia shina lilo hilo kuunda jina la mwanamke mwenye kazi hii. Lakini jina ni nusu ya mambo tu. Swali lenyewe ni hili: ikiwa mzuru haendi kuuguza, kwa nini ilidaiwa awe muuguzi kwanza? Na ikiwa uuguzi ndio msingi wake, kwa nini uuguzi peke yake haukumtosha? Historia ya mafunzo yake, kwa muda wa miaka 160, ni historia ya watu waliojibu maswali hayo mawili kwa njia zisizopatana.

I. Jirani wa Manchester

Manchester katikati ya karne ya 19 ilikuwa mji wa pamba na moshi. Watu waliotoka mashambani kufuata kazi za viwanda walijazana katika nyumba zilizobanana, zisizo na maji wala njia ya taka, na watoto wakafa kwa wingi. Mwaka 1852 chama cha kutengeneza afya kiliundwa katika miji ya Manchester na Salford, na mwaka 1862 mabibi wenye nafasi wakaunda chama chao cha kusaidia kazi hiyo. Kulikuwa na vijikaratasi vya kufundisha usafi, navyo viligawanywa. Lakini karatasi haiogeshi mtoto, na katika nyumba nyingi hakuwako mtu wa kuisoma. Ndipo mabibi wale walipoamua kumwajiri mwanamke wa tabaka la wafanya kazi wenyewe, apite nyumba kwa nyumba, chini ya usimamizi wao.

Mwanamke huyo alichukua unga wa karboliki wa kuondoa uvundo, akaonyesha namna ya kusafisha chumba, kumwosha mtoto na kumlisha, na akatoa shauri palipokuwa na mgonjwa. Cheti hakuwa nacho. Sifa yake ilikuwa kwamba alisema kama walivyosema wenyeji, na alijua jinsi mshahara wa juma unavyokwisha kabla ya juma lenyewe. Kwa mwenye kuchungua lugha jambo hili si dogo. Shauri lile lile, likitamkwa kwa Kiingereza cha mabibi, lingaliweza kusikika kama amri. Likitamkwa kwa Kiingereza cha mtaani lilikuwa neno la jirani. Kazi hiyo ilipata heshima kiasi cha kwamba mwaka 1890 baraza la mji wa Manchester lilikubali kulipa mishahara ya wanawake sita wa namna hiyo.

Hata hivyo ujirani ulikuwa na mpaka wake. Katika miaka iyo hiyo elimu ya vijidudu ilikuwa ikiyageuza mawazo yote juu ya maradhi. Robert Koch alitangaza habari za kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Uvundo, uliodhaniwa kuwa ndio ugonjwa wenyewe, ukawa dalili tu. Jirani aliyefundishwa kupigana na harufu hakuweza kueleza kwa nini maziwa yasiyonuka yalimwua mtoto kwa kuhara wakati wa joto. Alikuwa na ufunguo wa mlango, lakini alichokichukua mkononi kilikuwa kimepitwa na wakati.

II. Shauri la Florence Nightingale

Jibu la kwanza la kitaaluma lilitoka kwa mtu ambaye ilidhaniwa angesema kinyume chake. Florence Nightingale ndiye aliyeanzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas' mjini London mwaka 1860, na jina lake limekuwa kama jina la uuguzi wenyewe. Lakini alipoulizwa ni nani wapelekwe katika nyumba za wakulima kufundisha afya, hakusema wapelekwe wauguzi.

Jambo hilo lilitukia katika jimbo la Buckinghamshire, ambako dada yake alikuwa ameolewa katika ukoo wa Verney. Frederick Verney, mtoto wa kambo wa dada huyo, alikuwa akishughulikia elimu ya ufundi katika baraza la jimbo, na katika miaka ya 1891 na 1892 alishauriana na Nightingale kwa barua juu ya kuwafundisha wanawake watakaoitwa wajumbe wa afya. Daktari De'Ath, mganga wa afya wa Buckingham, alitoa mihadhara, kisha akawachukua wanafunzi hadi vijijini kuingia katika nyumba pamoja naye. Mwishoni walitahiniwa kwa kuandika na kwa kusema, na watatu wakapewa kazi na baraza.

Hoja ya Nightingale ilikuwa na pande mbili. Kwanza, alishikilia kwamba kumuuguza mgonjwa na kuilinda afya ya nyumba ni kazi mbili mbalimbali. Ya pili yahitaji sifa za namna nyingine, zisizo duni kuliko zile za kwanza. Muuguzi wa hospitali hufundishwa kufuata maagizo ya daktari juu ya mwili ulioharibika. Mjumbe wa afya hana mwili ulioharibika mbele yake, bali ana mama, jiko, dirisha, kisima na desturi. Pili, aliona kwamba mihadhara pekee haina faida. Mafunzo lazima yafike katika nyumba yenyewe, na mwenye kuyapeleka lazima awe amezoeana na wenye nyumba, apate kupokewa kama rafiki. Katika maandishi yake ya mwaka 1894 juu ya afya ya vijijini alirudia shauri hilo, na katika barua zake aliiona kazi hii kuwa kazi mpya kabisa ya wanawake.

Ni vema kuweka maanani kwamba wakati huo ilikuwako tayari kazi ya wauguzi wa mitaani. William Rathbone, mfanya biashara wa Liverpool, aliianzisha mwaka 1859, na wauguzi hao walikwenda majumbani kuwatibu maskini waliolala wagonjwa. Nightingale aliiunga mkono kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo alipotenga mzuru na muuguzi hakuwa akidharau uuguzi wa nyumbani. Alikuwa akisema kwamba kuingia nyumba moja kwa mlango mmoja si kufanya kazi moja.

III. Hesabu ya vifo na nguvu ya sheria

Shauri la Buckinghamshire lilikuwa la watu wachache. Kilichoifanya kazi hii kuwa ya taifa zima kilikuwa hofu. Vita ya Makaburu ya 1899 hadi 1902 iliwadhihirishia Waingereza kwamba vijana wengi waliojitolea kuwa askari hawakufaa kwa udhaifu wa mwili, na kamati ya serikali iliyochungua jambo hilo ilitoa ripoti yake mwaka 1904. Wakati huo huo hesabu za vifo zilionyesha kwamba katika Uingereza na Wales karibu watoto 150 katika kila 1,000 waliozaliwa walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Idadi ya vifo vya watu wazima ilikuwa ikishuka kwa miaka mingi. Ya watoto wachanga haikushuka. Mfereji na sheria ya taka vilikuwa vimefanya kazi yao, na kifo kilichobaki kilikuwa ndani ya nyumba, karibu na chupa ya maziwa.

Mji wa Huddersfield ukawa mahali pa kujaribia. Benjamin Broadbent, aliyekuwa meya kuanzia 1904, aliahidi kumpa paundi moja kila mama wa mtaa wa Longwood ambaye mtoto wake, aliyezaliwa katika muda wa umeya wake, angefikia umri wa mwaka mmoja. Ahadi hiyo ilifuatana na ziara za wanawake waliotoa shauri. Upesi ilionekana kwamba ziara haina faida ikija baada ya hatari kupita, na kwamba hakuna awezaye kuzuru pale asipojua kwamba mtoto amezaliwa. Huddersfield ikajipatia sheria yake mwaka 1906. Mwaka 1907 Bunge likapitisha sheria ya nchi iliyowaruhusu mabaraza kudai mganga wa afya aarifiwe kuzaliwa kwa mtoto katika saa 36. Na mwaka 1915 taarifa hiyo ikawa lazima kila mahali.

Sheria hizo zilibadili maana ya hodi. Jirani wa Manchester alipita mlango kwa mlango, na aliyemfungulia alijua kwamba jirani huyo apita kwa wote. Mzuru wa 1907 alikuja kwenye mlango mmoja, siku chache baada ya uzazi, akiwa na jina na anwani alizopewa na ofisi. Mama aliyekuwa bado kitandani alikuwa na haki ya kujiuliza huyu ameambiwa na nani, na ameambiwa nini zaidi. Mzuru alikuwa bado hana haki ya kuingia. Mkaguzi wa usafi alikuwa nayo. Lakini mwenye nyumba aliyewaona wote wawili wakitoka katika ofisi moja ya baraza angaliwezaje kuwatofautisha? Tangu hapo mafunzo ya mzuru yalikuwa na mzigo ambao hautajwi katika vitabu vya maradhi: kumfundisha mtu aliyetumwa na serikali aingie nyumbani bila kuwa serikali.

Wakati huo mabaraza yaliajiri watu wa namna nyingi. Wako waliokuwa wauguzi, wako wakunga wenye vyeti chini ya sheria ya ukunga ya 1902, na wako waliokuwa wakaguzi wa usafi. London ndiyo iliyopata kwanza kanuni ya kisheria juu ya sifa za wazuru, mwaka 1909. Nayo ilikubali milango kadhaa, ya udaktari, ya uuguzi, ya ukunga, au ya cheti cha mtihani wa uzuru wa afya. Uuguzi ulikuwa mmoja tu kati ya milango hiyo.

IV. Mlango mmoja unabaki

Kati ya 1919 na 1928 milango hiyo ilifungwa mmoja baada ya mmoja. Mwaka 1919 Wizara ya Afya iliundwa, na katika mwaka uo huo serikali ikatoa kanuni za kwanza za nchi nzima juu ya mafunzo ya wazuru. Kanuni hizo zilikuwa na njia mbili. Mtu asiye na ujuzi wowote wa awali alisoma miaka miwili. Muuguzi aliyehitimu, au mtu mwenye shahada ya chuo kikuu, au mwenye uzoefu wa kazi hiyo, alisoma mwaka mmoja. Hapa Nightingale angeridhika: mzuru alipewa elimu yake mwenyewe, na uuguzi ulihesabiwa kuwa msaada wa kuifikia, kama ilivyohesabiwa shahada.

Miaka sita baadaye mambo yaligeuka. Chini ya utaratibu wa 1925 Wizara ya Afya ilichukua madaraka ya mafunzo, mtihani ukawekwa mikononi mwa taasisi ya kifalme ya usafi, na njia kuu ikawa ya mwanamke aliyekwisha kuwa muuguzi, akapata cheti cha ukunga, kisha akasoma miezi sita. Njia ndefu ya miaka miwili haikufutwa, lakini walioifuata walikuwa wachache. Kuanzia mwaka 1928 hakuna aliyeweza kuajiriwa upya kuwa mzuru wa wakati wote pasipo cheti hicho. Kwa hiyo uzuru wa afya ukawa, kwa vitendo, elimu ya juu ya wauguzi.

Sababu zake hazikuwa za kitaaluma tu. Sheria ya kuwaandikisha wauguzi ilipitishwa mwaka 1919, na kwa mara ya kwanza neno muuguzi likawa na mpaka katika sheria. Baraza lililomwajiri mwenye jina hilo lilijua limeajiri nani. Miezi sita ni rahisi kulipiwa kuliko miaka miwili. Tena mama aliyezuruwa hakugawanya maswali yake kama wizara inavyogawanya idara. Alipokuwa na mtoto mwenye homa, aliuliza habari za homa kwanza, na mzuru asiyejua kutambua homa ya hatari hakurudishwa tena kwenye kiti. Ukunga nao ulimpa mzuru neno la kuanzia mazungumzo, kwa kuwa alijua mama ametoka katika jambo gani.

Lakini hasara aliyoitabiri Nightingale haikukwepeka. Wodi ya hospitali hufundisha mambo mawili bila kuyaandika: kumtii aliye juu na kutiiwa na aliyelala. Mgonjwa amelazwa, amevuliwa nguo zake, na saa zake za kula zimepangwa na wengine. Muuguzi aliyelelewa katika adabu hiyo kwa miaka mitatu akaingia jikoni kwa mama mwenye afya yake, hakuwa na wa kumtii wala wa kumtii yeye. Mama angeweza kusikiliza, kuitikia kwa upole, na mzuru akiisha kutoka akafanya alivyofanya bibi yake. Miezi sita ilitosha kumwongezea muuguzi habari za lishe, za chanjo na za sheria. Haikutosha kumwondolea wodi.

V. Mwaka mzima wa kusoma tena

Sheria ya huduma ya afya ya taifa ya mwaka 1946, iliyoanza kutumika tarehe 5 Julai 1948, iliukuza mzigo wa mzuru bila kuyakuza mafunzo yake. Kifungu cha 24 kiliwalazimisha wenye mamlaka ya mahali kuwa na wazuru wa kutoa shauri juu ya watoto wadogo, juu ya wagonjwa, juu ya wajawazito na wanyonyeshao, na juu ya kuzuia maambukizo. Yaani mzuru wa mtoto akawa mzuru wa jamaa yote. Wakati huo huo walitokea watumishi wengine wa ustawi wa jamii, nao walipiga hodi kwenye milango ile ile. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa vimeshuka. Kufikia 1950 vilikuwa karibu 30 katika kila 1,000. Wengine wakauliza kama mzuru bado ana kazi.

Serikali iliunda jopo la uchunguzi mwaka 1953 chini ya Sir Wilson Jameson, aliyekuwa ameshika cheo cha mganga mkuu wa serikali. Ripoti yake ya 1956 ilijibu kwamba kazi ipo, nayo ni ya kumzuru kila mtu wa nyumba, kwa kufundisha afya na kutoa shauri la kijamii. Ilipendekeza mzuru mmoja kwa kila watu 4,300, kiasi ambacho mahali pengi kilikuwa mbali, na ikapendekeza mafunzo yapewe baraza lake lenyewe.

Baraza hilo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1962, sheria iliyowaweka wazuru wa afya na watumishi wa ustawi wa jamii katika karatasi moja lakini chini ya mabaraza mawili. Muhtasari mpya wa masomo ulianza kutumika mwaka 1965. Muda ulipanda hadi karibu mwaka mzima: mihula mitatu ya masomo, kisha miezi ya kazi chini ya uangalizi. Masomo yaligawanywa sehemu tano: ukuaji wa mtu, mtu katika kundi, maendeleo ya siasa ya ustawi wa jamii, hali ya kijamii ya afya na maradhi, na misingi na utendaji wa uzuru wenyewe. Katika sehemu hizo tano hakuna hata moja iliyoitwa kwa jina la ugonjwa. Maradhi yametajwa mara moja tu, tena yakitanguliwa na afya.

Hapo ndipo mabishano ya Nightingale na wenye kanuni za 1925 yalipokaribia kusuluhishwa. Mlango ulibaki mmoja, wa uuguzi pamoja na ujuzi wa uzazi; lakini nyuma ya mlango huo paliwekwa elimu nyingine kabisa. Mwanafunzi alipewa mkufunzi wa nyanjani, yaani mzuru mzoefu aliyekwenda naye majumbani, akamwacha aseme, akamsikiliza, na njiani wakazungumza juu ya yale aliyoyasema na yale ambayo angalipaswa kuyanyamazia. Daktari De'Ath alikuwa amefanya hivyo vijijini zaidi ya miaka 70 kabla yake. Mwaka 1977 baraza la mafunzo liliandika misingi minne ya kazi: kutafuta mahitaji ya afya, kuwaamsha watu wayatambue, kuzielekeza siasa zinazogusa afya, na kurahisisha matendo yanayoikuza. Mzuru katika misingi hiyo ni mtu anayetafuta kabla ya kuitwa. Muuguzi, kwa desturi, huitwa.

VI. Jina kufutwa, kazi kubaki

Usuluhishi huo ulitegemea mambo mawili, pahali na jina, na yote mawili yaliguswa baadaye. Tarehe 1 Aprili 1974 wazuru walihamishwa kutoka mabaraza ya mahali, walikokuwa tangu siku za Manchester, wakatiwa katika huduma ya afya ya taifa pamoja na hospitali. Sheria ya 1979 ikalivunja baraza lao la mafunzo na kuweka baraza moja la wauguzi, wakunga na wazuru. Lakini angalau majina matatu yalisimama mlangoni pa sheria hiyo, moja kando ya jingine.

Sheria ya mwaka 2001 iliondoa jina la tatu. Baraza jipya lililoanza kazi mwaka 2002 likaitwa la uuguzi na ukunga tu, na rejista iliyofunguliwa mwaka 2004 ikawa na sehemu tatu: ya wauguzi, ya wakunga, na ya wauguzi mabingwa wa afya ya jamii, ambamo wazuru waliingizwa pamoja na wengine, kama wauguzi wa shule. Kwa macho ya utawala yalikuwa mabadiliko ya maneno. Kwa macho ya mwana lugha, nomino imekuwa sifa. Zamani mtu alikuwa mzuru aliyepitia uuguzi. Sasa ni muuguzi mwenye ubingwa fulani. Kitenzi cha kuzuru, kilichobeba hodi, adabu na ridhaa ya mwenyeji, kimetoka katika jina la rejista. Wananchi hawakulifuata jambo hilo, na mama wa Uingereza aendelea kumwita mgeni wake kwa jina la zamani.

Kilichofuata chaonyesha kwamba kazi isiyo na jina katika sheria ni rahisi kusahauliwa katika bajeti. Idadi ya wazuru ilipungua, hata serikali iliyoingia mwaka 2010 ikaahidi kuwaongeza 4,200 kufikia 2015. Wanafunzi walijaa vyuoni, na idadi ikapanda kwa kasi. Tarehe 1 Oktoba 2015 madaraka ya kugharimia huduma ya watoto wa chini ya miaka mitano yalirudishwa kwa mabaraza ya mahali, na baada ya hapo idadi ikaanza kushuka tena. Mafunzo yenyewe yalipanda. Kanuni zilizotolewa mwaka 2022 zinadai anayeingia awe muuguzi au mkunga aliyesajiliwa, naye asome katika kiwango cha baada ya shahada ya kwanza, kwa muda usiopungua majuma 45 ya masomo na utendaji. Mwanamke wa Manchester wa 1862 asingalikubaliwa kuingia darasani humo.

VII. Hitimisho

Tangu 1862 watu watatu wamekuwa wakigombea kiti kimoja katika nyumba ya mama: jirani, ajuaye desturi, mkaguzi, ajuaye sheria, na muuguzi, ajuaye mwili. Kila wakati wa historia hii ulimpa mmoja wao kiti chote, ukagundua upungufu wake. Jirani alikaribishwa lakini hakujua. Mtumwa wa ofisi alijua nani amezaliwa lakini alishukiwa. Muuguzi alijua maradhi lakini alizoea kutiiwa. Mafunzo yaliyofaulu zaidi, yale ya 1965 na yaliyoyafuata, ni yale yaliyokubali kwamba muuguzi aweza kuwa msingi wa mzuru kwa sharti moja: afundishwe tena, kwa muda wa kutosha, jinsi ya kuwa mgeni.

Waswahili wanayo methali isemayo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida hufasiriwa kwa habari ya chakula, kwamba mgeni akija hupikwa kizuri, na mwenyeji naye akafaidi. Lakini kitenzi chenyewe ni kupona, na amri yenyewe yasemwa na mwenyeji. Yeye ndiye anayemwambia mgeni njoo. Methali hiyo yaweka mbele lile ambalo kanuni za Uingereza zilichukua karne nzima kulifundisha na mara nyingine zikalisahau: kwamba uponyaji wa nyumbani huanza kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Kiswahili kikija kuchagua jina la kudumu kwa kazi hii, hakitakosa maneno ya ubingwa na ya afya ya jamii, kwa kuwa hayo yametafsiriwa tayari katika nyaraka nyingi. Lakini jina hilo lisipokuwa na ziara ndani yake, litakuwa limetaja elimu ya mtu huyo na kuiacha kazi yake nje, mlangoni.